Saa Nyingi Kitabuni

Lubumbashi, Alhamisi asubuhi

Mama yangu mpenzi,

Nakusalimu sana. Macho yanaendeleaje? Ilunga anakusomea barua hii taratibu, au anarukaruka mistari kama kawaida yake? Mdogo wangu, leo usiruke hata neno moja. Mwili wangu ni mzima. Moyo ndio hautulii. Tangu alfajiri nakaa, nasimama, naenda hadi mlangoni, narudi.

Umesikia kwamba nimefanywa komanda, rubani mkuu wa ndege, na kwamba safari yangu ya kwanza ni kukuchukua hapo Kongolo uje kwa daktari wa macho. Najua umeshatangaza kanisani. Ngoja kwanza nikueleze.

Unamjua Baba Mukalayi, rafiki wa marehemu baba tangu walipofanya kazi pamoja relini. Ndiye komanda aliyenifundisha kazi. Miaka mitatu nimekaa kando yake, na kila mawingu yalipokuwa mazito alinichukulia usukani kwa upole: "Wacha, mutoto, nitafanya miye." Ningebishana vipi na mtu aliyenibeba mabegani? Nilishukuru, nikatulia. Mvua ikiisha, ananirudishia. Lakini kitabu changu cha saa za kuruka hakijui nani alishika usukani. Humo ndani mimi ni mkongwe.

Basi wiki mbili zilizopita tulikuwa tunarudi kutoka Kilwa yetu ya ziwani, na abiria kumi na mmoja na samaki wao wakavu. Malaria ikamshika Baba Mukalayi huko huko angani, akawa anatetemeka, akaniachia ndege. Karibu na Lubumbashi mvua ikatuangukia. Mama, mikono yangu haikujua la kufanya. Nilijaribu kutua, nikaumaliza uwanja mzima ningali juu, nikapanda tena. Mara ya pili nilikuwa naielekea miti. Mzee akafungua macho, akaushika usukani na homa yake vile vile, akatuteremsha. Abiria walipiga makofi. Mimi nilishuka wa mwisho.

Ofisini aliwaambia wakubwa kwamba mimi ndiye niliyeitua ndege: "Mutoto njo alishusha ndeke." Upendo tu, Mama, hakuwa na nia mbaya. Marubani wa kigeni wameondoka, waliobaki hawatoshi, basi wakubwa wakafurahi, wakasema huyu sitwayeni, mwananchi mwenzetu, ameiva, apewe ndege yake. Nami nikanyamaza! Ndicho kinachonikosesha usingizi na chakula.

Jana nilimwendea nyumbani. Nilimwambia nataka kusema kweli, kisha yeye anipeleke kwenye mvua, akae kando yangu, asiguse kitu.  Akanung'unika kwamba nitamwaibisha mbele ya watu wazima wenzake. Halafu akauliza, "Na mama yako, utamubeba mu mvua?" Nikamwambia hapana, bado siwezi. Naye akainamisha kichwa, akasema niende ofisini, atanifuata.

Saa nne naingia. Watanisikiliza, watanifukuza, au watacheka tu na kunipa ndege hivyo hivyo, sijui. Naogopa zaidi hilo la mwisho.

Msalimie shangazi anayekupikia, na katekista, umwambie asitangaze tena. Wewe panda treni. Ni siku nyingi, najua, na mgongo wako unauma. Lakini ndege ikitua Kongolo, na ukaambiwa nimekuja bila Baba Mukalayi, usipande, Mama. Hata ukisikia sauti yangu inakuita.

Mwanao,
Kalenga