Mbwa wa Kutazamwa na Mbwa wa Shamba

Moa, Mkinga,
Tanga.
17 Agosti 2024

Mpendwa mdogo wangu Luqmani,

Assalaam alaykum. Hujambo wewe, mkeo Sabra na watoto? Baridi ya Songea imepungua, au bado mnalala na masweta? Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Goti la mama mkwe wangu limetulia. Sauti yake bado.

Umeniuliza mbwa wa nyumbani achaguliweje. Umeuliza pazuri, maana sisi tulianza kwa kukosea.

Mwaka jana nyani walitumalizia mahindi yote, hata la kuchoma hatukupata. Mwaka huu yalipoanza kubeba, Tahiri akaniambia, "Zuleha, wakila tena, naliacha shamba nakwenda Dar kutafuta kibarua." Unamjua shemeji yako, hilo halikuwa neno la mzaha. Ndipo tukasikia kuna mama mstaafu huko Raskazone, Tanga mjini, Mama Consolata, anahamia Arusha na anagawa mbwa wake wawili.

Tukaenda. Mmoja jike dogo, rangi ya matope, sikio moja limekatika. Wa pili dume, kifua kama cha mpagazi wa bandarini, jina lake Jenerali. Tahiri hata hakukaa. "Huyu!"

Mama Consolata akamuuliza, "Mko wangapi nyumbani? Atalala wapi? Kazi yake nini?"

"Mama, we tazama meno hayo!"

"Meno nayajua, mwanangu. Nakuuliza kazi."

Tahiri alikwisha kumshika kamba. Tukarudi na kigari cha kirikuu, Tahiri kakaa nyuma na Jenerali wake kama bwana harusi.

Kesho yake asubuhi nyani wakashuka. Jenerali akabweka mara moja tu, dume la nyani likamgeukia. Luqmani, sijapata kuona mnyama akikimbia vile! Alipita jikoni, akapita ukumbini, akajitupa chini ya kitanda cha mama mkwe, na Bi Mwatima mwenyewe yuko juu, ndiyo kwanza anamaliza uradi. Alipiga ukelele mpaka majirani wakaja na majembe wakidhani mwizi. Tukaosha chumba mara saba, moja kwa udongo, kama tulivyosomeshwa chuoni, naye kasimama mlangoni anahesabu. Ya tano alidai ni ya nne.

Tahiri kwa haya hakula siku ile. Jioni nikamkuta anapanga nguo kwenye begi. Kulipokucha nikamchukua Jenerali mimi mwenyewe, nikamrudisha Raskazone.

Mama Consolata alicheka hadi akajifuta machozi. "Huyu kalelewa sebuleni kwa wali na maziwa, hata bata anawaogopa. Ningemwambia mumeo, angesikia? Wa shamba ni huyu." Akanikabidhi yule jike. Anaitwa Pilipili.

Tahiri alimtazama sikio, akaguna. Pilipili naye hakujishughulisha na mtu. Alilizunguka shamba lote, akajilaza kimya kati ya mahindi. Nyani walipokuja aliwaacha washuke wote, ndipo akawatokea kwa nyuma. Zilikuwa kelele, mavumbi na mikia! Siku ya tatu walibaki juu ya miti ng'ambo ya shamba wakitutukana kwa mbali.

Tumevuna magunia kumi na moja. Begi la Tahiri limerudi uvunguni. Pilipili tumemjengea kibanda shambani, nyumba ibaki twahara.

Basi nawe ujue kwanza kazi ya mbwa wako, meno utayatazama baadaye. Uliza alilelewa wapi. Na usimnunue kwa ajili ya kifua chake.

Juzi jirani yetu Mwinyijuma alikuja kumwazima Pilipili kwa siku mbili, na Tahiri alikwisha kukubali. Bi Mwatima, ambaye mpaka leo hata jina la mbwa huyo halitaji, akamwambia kutoka barazani: "Mchukue Tahiri akakulindie. Huyo hatoki."

Nisalimie Sabra, na wanangu Yasini na Tuhfa wabusu vipajini. Tahiri anakusalimu, angali amenuna kidogo. Mola awakunjulie riziki na awaepushie kila shari.

Dada yako akupendaye siku zote,
Zuleha