Ule Wimbo Uliomtungia Mama Yako

Mzee wangu Odera,

Studio bado naifungua. Kiti chako hakuna anayekikalia, hata wateja husimama. Kwaya ya kwenu Asembo Bay iliniomba nyimbo zao zote ulizorekodi, nikaona hiyo ndiyo kazi ya kukuaga nayo.

Lakini majina ya faili zako, Mzee! "Kwaya wimbo wa tatu stima ikapotea." "Soprano ana homa rudia kesho." Mtu angedhani unamwandikia shangazi barua. Programu ya kunakili ikifika penye nafasi inadhani jina limeisha, inagoma. Basi nikaandika amri moja kwenye kompyuta yako ya Linux, iweke mstari wa chini kila palipo na nafasi, faili zote kwa mpigo. Ilichukua sekunde mbili. Nilijisifu kabisa.

Halafu nikautafuta ule wimbo uliomtungia mama yako. Zilikuwa faili mbili, unakumbuka? Ya kwaya uliiita "wimbo wa mama", na nafasi zako. Nyingine ulijirekodi mwenyewe siku uliyonifundisha huo mstari wa chini: "Atieno, weka hii laini, kompyuta haina akili ya kungoja." Ukaimba na gita, ukakohoa katikati, ukaendelea. Ndiyo faili pekee uliyoipa jina vizuri: "wimbo_wa_mama". Amri yangu ilipobadilisha jina la ile ya kwaya, majina yakawa sawa, na ya kwaya ikafuta yako. Mashine haikuuliza, kwa sababu sikuiambia iulize. Nimepekua flash zako zote. Nimejaribu hata programu za kufufua faili. Hakuna, Mzee. Hakuna.

Siku ya mazishi nilijikaza. Safari hii nililia mpaka jirani yangu kinyozi akaja kuuliza nani amekufa.

Mama Awuor, mkeo, hunipigia kila Jumapili akitoka kanisani. "Atieno, ile wimbo Baba Awuor aliimba mwenyewe, utaniletea lini? Nataka tu kusikia yeye." Nami najibu, "Bado natengeneza, Mama." Nimemdanganya mara tatu. Naona aibu, na naogopa.

Wewe ulinikabidhi kazi yako yote, nami sikuwa makini. Siwezi kukuomba msamaha kabla ya kumwomba Mama Awuor.

Pumzika, Mzee. Nakuahidi, Jumamosi nitaenda Asembo, niketi mbele ya Mama, nimwambie sauti yako imepotea, na aliyeipoteza ni mimi.

Atieno wako