Siga ya Posa na Kiko cha Bibi Veneranda

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini mvua za hapo Kigoma zinakuachia nafasi ya kuanika dagaa wako, na kifua kimetulia. Mimi ni mzima wa mwili. Wa roho, usiniulize.

Najua Dada ameshakupigia kukwambia kwamba mwanao amempora bibi kizee tumbaku mchana kweupe na uchumba umevunjika. Mama, Dada anapenda kuongeza chumvi. Sikiliza kwangu mwenyewe.

Unaijua kazi yangu hapa Gisozi: wiki nzima napiga vanishi vitanda na makabati, pua imejaa dawa. Kwa hiyo Jumapili nikitoka misa nina starehe yangu moja tu. Nakaa kizingitini na kahawa, navuta siga, yaani ile nene ya majani matupu, polepole, bila haraka ya mtu. Kisha nawaandikia wenzangu wachache kwenye simu ilikuwaje: hii inanukia mbao mbichi, ile ina utamu wa kahawa mwanzoni halafu inachoma ulimi. Ndiyo, Mama, watu wazima tunaandika sifa za moshi. Cheka tu.

Sasa moja, nzuri kuliko zote, nilikuwa nimeitunza kwa ajili ya siku nitakayokubaliwa posa. Jumapili ile nikaitoa niinuse tu. Si ndipo mchumba wangu Claudine akaja kunitembelea, tena kaja na bibi yake! Bibi Veneranda ndiye aliyemlea tangu mdogo kule Bujumbura, na neno lake kwenye familia ile ni la mwisho. Nikaingia ndani kuchemsha kahawa. Natoka, nakuta Bibi ameshaivunja siga katikati, anaisaga viganjani na kuishindilia kwenye kiko chake!

Nilipiga kelele, "Yesu na Maria!" Mkono ukatangulia akili, nikamnyang'anya kipande kilichobaki.

"Weye Deo," akasema, "uko unaninyima tumbaku? Mimi?"

Hapa mzee hanyimwi tumbaku, Mama. Kumnyima ni kumwambia kwamba hutamtunza. Claudine akamshika bibi yake mkono wakaondoka, hata kahawa hawakunywa. Kesho yake mjomba wa Claudine akatuma ujumbe kwamba posa isimame. Kazini nako wachomelea vyuma wa karakana ya jirani wananiita Mnyang'anyi. Wala hakuna hata mmoja aliyeniuliza habari za siga yangu! Kile kipande nilikivuta kwa hasira, ladha yake sikuiona.

Claudine hakupokea simu wiki nzima. Ndipo nikabeba siga zangu zote nikaenda kwao Kicukiro, upande wa pili wa mji. Nikapiga magoti mbele ya Bibi, nikazivunja kwa mikono yangu mwenyewe, moja baada ya nyingine, huku roho inaniuma, nikamjazia kiko na kumwashia. Akavuta. Akafumba macho. Mimi na Claudine tunangoja kama washtakiwa.

"Harufu iko nzuri," akasema, "lakini nguvu hakuna. Hii ni tumbaku ya watoto."

Ya watoto! Kisha akakifuta kiko kwa kitenge chake, akanipa, nami nikavuta. Nisikufiche, Mama, ilikuwa tamu kuliko zote nilizowahi kuziandika, na hilo nalo likaniudhi.

Nikamuuliza kuhusu posa. Akasema, "Wajomba waache maneno. Mimi nataka mama yako aje. Nimuone, nimuulize kama kwenu munakulaga peke yenu."

Claudine akainamisha kichwa. Swali lile si langu kulijibu; ni lako. Nampenda huyu binti, Mama. Nampenda kweli, na wiki ile aliyoninunia hata chakula kilinishinda.

Nisalimie Baba mdogo Anton, fundi wetu wa baiskeli, na Mama Sofia wa gengeni. Dada naye msalimie, ila mwambie awe anauliza kabla ya kutangaza.

Panda basi uje. Uje umwambie Bibi Veneranda kwa kinywa chako mwenyewe kwamba ulinifundisha kugawana.

Mwanao anayekusubiri,
Deo