Siku ya Bustani kwa Fadhila

Kibuta, Kisarawe
11 Mei 2025

Mwanangu Hashiru,

Asalaam aleykum. Natumaini wewe na mkeo hamjambo. Mimi ni mzima, ila goti la kushoto limeamua kuishi maisha yake, na mvua imeilaza mihogo yote ya bondeni.

Naandika kwako kwa sababu Fadhila nimemwandikia zaidi ya mara moja, kimya. Kwenye simu masikio yangu unayajua, nasikia upepo tu. Yeye anasema "sawa mama, sawa mama," kisha inakatika. Idi imepita hakuja. Tangu tumzike mdogo wake Rukaya sina mtoto mwingine, na mama mwenye mtoto mmoja hana aibu ya kuuliza. Sisemi umemficha. Nasema nataka kumwona kwa macho yangu.

Barua anakuletea Latifu, anayeuza mihogo huko Mailimoja. Mpe jibu hukohuko asirudi mikono mitupu.

Mama mkwe wako,
Mwamini

Tangini, Kibaha
19 Mei 2025

Mama yangu Mwamini,

Shikamoo. Pole sana na goti, na pole ya shamba. Sisi tuko salama. Kiwandani Zegereni wametubadilishia zamu, narudi nyumbani nimechoka, lakini namshukuru Mungu.

Fadhila hajambo. Amebanwa tu. Akina mama wa mtaa huu wameandaa siku ya bustani, Jumamosi ya tarehe 14 Juni. Kila nyumba yenye bustani itaacha lango wazi tangu asubuhi hadi alasiri, na yeyote ataingia kutazama, kuuliza, hata kuondoka na mche. Bustani yetu imo, na amenifanya mimi mtumwa wa samadi. Siku hiyo ikipita atakuja Kibuta. Anasema usijisumbue kusafiri na goti hilo.

Mwanao,
Hashiru

Kibuta
17 Juni 2025

Mwanangu Hashiru,

Asalaam aleykum. Habari za tangu Jumamosi? Mimi nilifika salama, na goti limeninunia hadi leo.

Nisamehe kwa kukuvamia bila taarifa. Lakini si mliandika kwamba malango yako wazi kwa yeyote? Basi na mimi ni yeyote. Nilikaa siku hizo zote nikijiambia kwa mkwe hakuendwi hovyo, ndipo nikaona hii ya bustani ni ruhusa halali. Niliingia na wale wanawake wa kutoka Dar, nikajifanya na mimi nimekuja kutazama mawaridi, mpaka uliponiona ukataka kudondosha ndoo.

Asante kwa heshima uliyonipa. Ulinitandikia mkeka kivulini pale ukutani, ukaniletea juisi ya ubuyu kwa mikono yako, nikaona haya kuhudumiwa na mkwe. Uliponiambia "karibu ndani, mama," nikakataa, nawe ukaelewa. Mama yangu mzazi alikufa hajavuka kizingiti cha mume wangu.

Kumkosa Fadhila kuliniuma. Dodoma nayo, semina gani inayomchukua mtu siku ya shughuli yake mwenyewe? Lakini niliamini, maana asumini zilikuwa zimefunguka na kuanguka chini bila kuchumwa, na mchicha umeachwa mpaka umetoa mbegu. Nikasema kweli mwenyewe kasafiri, mwanamume atajulia wapi asumini. Hata hivyo bustani imependeza, wale wa Dar walikuwa wanaipiga picha. Bustani kama ile si ya mtu mwenye shida. Nimerudi moyo wangu umetulia.

Akirudi mwambie nimechukua kijiti cha waridi jekundu. Sikuiba, nilikuwa mgeni kama wengine.

Mama mkwe wako,
Mwamini

Kibuta
21 Julai 2025

Hashiru,

Asalaam aleykum. Hali yangu unaijua, sina haja ya kuieleza. Yako sijui.

Mlimleta mwanangu akiwa ndani ya jeneza, tukamzika, watu wakala, wakatawanyika. Ulimpigia Latifu ukasema kaugua ghafla wiki ile, na mbele za watu ukasema hivyohivyo. Nikanyamaza, maana msiba si mahali pa kuhojiana.

Lakini mimi nilikuwa miongoni mwa waliomwosha. Mwamini huyu aliyemwosha mtoto wake akiwa na siku moja duniani ndiye aliyemwosha siku ile. Nilimnyanyua mkono nikadhani nimeshika mkono wa mtoto wa shule. Mgongoni alikuwa na vidonda vya kulala. Nywele hazikuwepo. Maradhi ya wiki moja hayamli mtu hivyo. Mficha maradhi kifo humuumbua, Hashiru, na kimewaumbua nyote wawili mbele yangu.

Sikuulizi mengi. Siku ile ya bustani, mwanangu alikuwa wapi?

Mwamini

Tangini
2 Agosti 2025

Mama,

Shikamoo. Sithubutu kukuuliza hali.

Alikuwa ndani.

Ilikuwa saratani ya kizazi. Tuliijua mwezi wa kwanza, ikiwa imeshafika mbali. Dar walimpiga mionzi, wakampa dawa, kisha wakatuambia tukakae nyumbani. Aliniapisha nisikuambie. Alisema umemzika Rukaya juzi tu, na hutaweza kukaa unatazama mwingine akiisha. Lango alilazimisha lifunguliwe, ili wenzake wa mtaa wasishuku wakaja na huruma zao. Bustani nilikuwa namwagilia mimi, yeye akinielekeza kitandani.

Dirisha la chumba chake ni lile lililokuwa nyuma ya mkeka wako. Alisikia sauti yako ukiwauliza wale wanawake bei ya mbolea Dar. Nilipoingia kuchukua juisi akanishika mkono. Akasema, "Usimwambie. Lakini akiingia mwenyewe, usimzuie."

Ndiyo maana nilikukaribisha ndani, mama. Sikuwa natimiza adabu. Nilikukaribisha mara moja, ukakataa, sikurudia. Baadaye Latifu ndiye aliyeniambia kwamba huku Pwani mtu hukataa kwanza ili abembelezwe. Kwetu Bukoba mkwe akikataa amekataa, na kumlazimisha ni kumvunjia heshima. Ningekukaribisha mara ya pili. Kila siku najiambia hivyo.

Ulipoondoka aliuliza umevaa nini. Nikamwambia kanga ya bluu. Akageukia ukutani, hakula jioni ile.

Mwanao, kama bado unanikubali,
Hashiru

Kibuta
9 Agosti 2025

Hashiru,

Asalaam aleykum. Marahaba ya shikamoo zako zote.

Barua nimeisoma mwenyewe, sikumpa mtu anisomee. Kwa kiapo sikulaumu. Alikuwa mkeo, na mke akiomba jambo akiwa vile, nani atamkatalia. Nakulaumu kwa ile semina ya Dodoma, maana uliisema ukinitazama usoni, na ulinisindikiza hadi barabarani ukanibebea mfuko. Nina uchungu na wewe. Sitakudanganya kwamba umekwisha.

Arobaini tutasoma Jumanne. Njoo. Ukifika usikae nje na wanaume ukingoja kukaribishwa, pita mpaka ndani, ukale nilipo. Mambo ya ukwe mimi nimeyaacha.

Umeniambia lako, nami nikuambie langu, maana sina mwingine wa kumwambia. Ulipokwenda kule nyuma kuwagawia wageni miche, niliinuka mkekani. Nilitaka kuona tu mwanangu analala wapi. Nilifika barazani, nikavua ndala. Mlango ulikuwa wazi, nikainua mguu mmoja. Kisha nikasikia unarudi, nikaona haya, mkwe asije kunikuta ndani kwake. Nikavaa ndala zangu, nikarudi kukaa.

Mama yako,
Mwamini