Majina Niliyopewa Jikoni

Mjukuu wangu, mke mwenzangu Neema,

Hapa mjini Hayes tu wazima, na shangazi yako kajifungua salama. Umeniuliza uanzie wapi kuwatafuta mababu zetu wa Kroatia kwenye vitabu vya ubatizo.

Siku mume wetu, babu yako, aliponipeleka kwa mama yake, nilisimama jikoni nikataja ukoo wangu, kama tufanyavyo Bukoba mbele ya wakwe. Babu yako aliona haya. Mama yake akaweka kisu chini, naye akataja wazee wake mmoja mmoja, mpaka kisiwa cha Brač walikotoka. Mwanawe hakuwahi kuwasikia.

Anza na Luka, baba wa mama mkwe wangu, mwana wa Mate, mwana wa Jure. Ukiwakuta, yasome majina kwa sauti. Mama mkwe hakuniambia karibu siku ile. Alinipa majina hayo, na mpaka leo nashukuru.

Bibi yako