Sikumsikia Mama Akiniita

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako kwa sababu nimefika pabaya na sina wa kumwambia. Kazi yangu ni kurekodi matangazo ya biashara nyumbani, na mwaka jana nilichoka kurudia kazi kila jirani akipiga nyundo, basi nikakigeuza chumba cha nyuma kuwa studio, nikajenga ukuta wa pili wa mbao, katikati nikashindilia pamba nzito, ndani nikabandika sponji, mlango nikauzungushia mpira, mpaka ukiwa humo husikii hata mvua juu ya bati. Naishi na mama yangu, miguu yake haina nguvu, na jirani mmoja alikuwa akija kumhudumia. Asubuhi moja huyo mhudumu alinifuata akaniambia anampeleka mwanawe zahanati, nimwangalie mama, nikamjibu sawa, nikafunga mlango nikarekodi saa tatu nzima. Nilipotoka nilimkuta mama sakafuni bafuni, nyonga imevunjika, sauti imemkauka kwa kuniita. Dada yangu alipofika akauliza nani alikuwa naye, nami nikasema nilikuwa nimetoka, mhudumu kaondoka bila kuaga. Mhudumu aliporudi, dada akamfukuza palepale, akamtangaza mtaa mzima, sasa hakuna anayempa kazi. Mama anajua ukweli lakini hajasema neno, ananiangalia tu ninapomlisha. Nimeanza kuibomoa studio, labda roho itatulia. Nifanyeje?

Mwana Mwenye Majuto

Mwana Mwenye Majuto,

Pole kwa mama, na pole yangu inaishia hapo. Weka nyundo chini. Ukuta haukumsingizia mtu. Kutosikia ulikuwa uzembe, na uzembe husameheka, lakini umemtwisha mzigo wako mzazi mwenye mtoto mgonjwa. Na usidhani mama yako amenyamaza kwa kukusamehe. Anakula mkononi mwako, angesema nini?

Leo hii mwite dada yako, umwambie mbele ya mama, wala usitangulize machozi. Atakutukana, vumilia. Kisha mwende nyote wawili kwa mhudumu, umsafishe jina mbele ya majirani walewale. Akikataa kurudi, usimbembeleze. Studio ndiyo inayowalisha, usiibomoe. Fundi umeme aweke swichi kitandani kwa mama na bafuni, akiibonyeza taa iwake mbele ya maikrofoni yako. Na ukibaki naye peke yenu, usirekodi.

Dada anaweza kukususa miezi. Mama naye, ukishasema, huenda akayatoa yaliyomjaa, na hayatakuwa matamu. Vuta kiti, umsikilize mpaka amalize.