Maneno ya Mama Kitabuni

Mdogo wangu Lagi,

Huku kisiwani Savaii hatujambo. Mama bado anasuka mikeka, ingawa macho yake yamefifia.

Wanawake wa kanisani tumesoma riwaya moja iliyotoka huko Auckland uliko. Mwandishi wake hatumjui. Wenzangu walilia, mimi nikaingiwa na baridi. Mama wa kitabuni anamfukuza mwanawe siku ya kimbunga: "Nenda, mvua ikuchukue!" Kisha anawaambia waombolezaji kwamba kijana alitoka mwenyewe.

Lagi, hayo ndiyo Mama aliyomwambia kaka yetu Ioane, na tulioyasikia ni mimi na wewe tu. Mimi sijafungua mdomo. Kumbe ndiyo maana ulikuwa ukinipigia simu kuniuliza kuhusu siku ile?

Mama alinilazimisha nimsomee. Nilipofika pale, nikaruka ukurasa.

"Umeruka, Sina. Rudi nyuma."

Nikasoma. Akalia jinsi ambavyo hakulia hata mazishini kwa Ioane.

"Mwandikie mdogo wako," akasema. "Mwambie ni kweli nilisema. Aje tukamwombe Ioane msamaha kaburini."

Kama si wewe uliyeandika, njoo vilevile.

Dada yako,
Sina